Rasimu ya Kwanza Siyo ya Mwisho: Namna ya Kumfundisha Mtoto Hatua za Kuandika kwa Kutumia Zana za Mtandaoni



Barua ni miongoni mwa njia kongwe ambazo mwananchi huzitumia kuisemesha Serikali yake. Katika ofisi za kata hupokelewa barua za kuomba kivuko kilichosombwa na mafuriko kijengwe upya, za kulalamikia mpaka wa kiwanja, za kuomba mkopo wa kikundi na za kumshukuru mhudumu wa zahanati. Zipo zinazosomeka kwa dakika moja, na anayezipokea akajua hatua ya kuchukua. Zipo pia zinazoanza kwa salamu ndefu, zikaeleza chanzo cha mgogoro tangu enzi za babu, kisha zikafungwa kwa sahihi pasipo kusema mwandishi anaomba nini. Barua ya namna hiyo humlazimu mwenyewe aitwe na kueleza upya, na siku zinapotea.

Mwenye barua hiyo si mtu asiye na hoja. Ukimkaribisha kiti na kumwuliza kwa mdomo, atakueleza shida yake kwa ufasaha. Alichokikosa ni mazoea ya kuandika, kusoma alichokiandika, kukata yasiyohitajika na kupanga upya. Mazoea hayo hujengwa utotoni. Makala haya yanaeleza namna ambavyo mzazi, mlezi na mwalimu wanaweza kutumia simu janja na zana za mtandaoni kuyajenga.

Insha ya kukariri

Wengi wetu tulifundishwa insha kwa njia moja. Mwalimu aliandika kichwa cha habari ubaoni, tukaandika hadi kengele ilipolia, tukakusanya madaftari, na baada ya siku chache yakarudi yakiwa na wino mwekundu na alama. Insha ikawa imekwisha. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupata alama nzuri kwa insha ya safari ya mbugani akiwa hajawahi kuiona mbuga hata moja. Maneno aliyatoa katika daftari la kaka yake. Somo lililobaki kichwani siku hiyo ni kwamba kuandika ni kukumbuka maneno ya mtu mwingine.

Leo daftari la kaka limehamia kwenye simu. Mtoto anaweza kutafuta kichwa cha insha mtandaoni, akapata insha iliyokamilika na kuinakili neno kwa neno. Simu hiyo hiyo inaweza pia kumsaidia kukusanya mawazo yake, kuyaandika, kuyapima na kuyaboresha. Tofauti hutokana na kazi ambayo mtu mzima anaikabidhi simu hiyo na kazi anayomwachia mtoto.

Hatua tano za kuandika

Mwaka 1972, Donald Murray, mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko New Hampshire, aliwahimiza walimu wafundishe kuandika kama mchakato badala ya kutazama zao la mwisho pekee. Murray alikuwa ameishi katika chumba cha habari, na alijua kwamba habari nzuri hupitia mikono na marekebisho mengi kabla haijachapishwa. Mwaka 1983, Donald Graves wa chuo hicho hicho alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba hata watoto wa shule za msingi wanaweza kufuata njia hiyo wakipewa muda, msikilizaji na nafasi ya kuchagua la kuandika.

Mchakato huo kwa kawaida hugawanywa katika hatua tano:

1. Kuwaza na kupanga: mtoto anachagua jambo, anakusanya anayoyajua na kuamua lipi litangulia.
2. Kuandika rasimu: anaandika mawazo yote bila kuogopa kukosea.
3. Kupitia upya: anasoma alichoandika na kuuliza kama msomaji ataelewa. Hapa huongeza, hupunguza na hupanga upya.
4. Kuhariri: anasahihisha tahajia, herufi kubwa, alama za uandishi na upatanisho wa maneno.
5. Kuwafikishia wasomaji: anasoma mbele ya wengine, anabandika ukutani au anamtumia mtu anayemjua.

Hatua ya tatu na ya nne huchanganywa mara nyingi. Mzazi anapopewa daftari, jicho lake hukimbilia neno lililokosewa. Mtoto akisahihishwa tahajia kabla wazo lake halijasikilizwa, hujifunza kuandika sentensi fupi zenye maneno anayoyamudu tu, ili asikosee. Insha yake itakuwa safi lakini haina kitu ndani. Wazo litangulie, tahajia ifuate.

Zana zinazofaa katika kila hatua

Katika hatua ya kuwaza, zana bora ni kinasa sauti kilichomo ndani ya simu. Hakihitaji bando. Mwambie mtoto akusimulie jambo analotaka kuliandika huku simu ikirekodi, kisha msikilize pamoja. Watoto wengi husimulia vizuri kuliko wanavyoandika, na wakijisikia wenyewe hugundua kwamba wanayo maneno ya kutosha.

Katika hatua hiyo hiyo, mtoto anahitaji kusoma kazi za wengine ili aone hadithi inavyojengwa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo. Upo pia mkusanyiko wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za picha katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Hadithi zake zina leseni huria, yaani unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa. Mkusanyiko mwingine wa aina hiyo ni StoryWeaver wa shirika la Pratham Books la India, ulioanza mwaka 2015. Katika mikusanyiko yote miwili msomaji anaweza kuwa mwandishi: huchagua picha zilizopo, akaandika maneno yake chini ya kila picha na kupata kitabu kidogo. Kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu, zoezi hili ni mwanzo mzuri, kwa kuwa kila ukurasa humwomba sentensi moja au mbili tu.

Katika hatua ya rasimu, programu ya kuandikia nyaraka kama Google Docs inafaa kwa sababu maandishi yaliyomo hukatwa, huhamishwa na huongezwa bila kuchafua ukurasa. Mtoto anayejua kwamba hatalazimika kunakili upya insha nzima hukubali kubadilisha aya bila manung'uniko. Kwa kila rasimu mpya, tengeneza nakala na uipe jina: "Rasimu ya 1", "Rasimu ya 2" na kuendelea. Mwisho wa kazi mzifungue zote mzilinganishe. Mtoto ataona kwa macho yake safari aliyoifanya, jambo ambalo alama ya wino mwekundu haimwonyeshi.

Kwa mtoto anayeandika polepole au mwenye shida ya mikono, huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inakielewa Kiswahili tangu mwaka 2017. Mtoto husema, maneno yakajiandika. Hata hivyo huduma hiyo hukosea, kwa hiyo ni lazima asome na kusahihisha. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, herufi zikuzwe kwenye kioo kadiri anavyohitaji.

Katika hatua ya kupitia upya, tumia sehemu ya maoni ya programu hiyo. Mzazi aliye safarini au mwalimu anaweza kuandika swali pembeni mwa aya bila kugusa maneno ya mtoto. Swali zuri humrudisha mtoto kwenye kazi yake: "Hapa ulikuwa na nani?" "Kwa nini mlikimbia?" Epuka kumwandikia sentensi. Ukimwandikia, insha inakuwa yako.

Katika hatua ya kuhariri, jihadhari na kisahihishi cha tahajia. Simu nyingi zimepangwa kwa Kiingereza, hivyo maneno sahihi ya Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu au kugeuzwa kuwa maneno mengine kabisa. Fungua mipangilio ya kibodi na uongeze lugha ya Kiswahili, au zima kabisa usahihishaji wa moja kwa moja. Fahamu pia kwamba mashine haioni makosa yote. Mtoto akiandika "tulikwenda kupiga kula", kisahihishi kinaweza kunyamaza, kwa kuwa "kula" nalo ni neno la Kiswahili. Kosa la namna hiyo hunaswa na sikio la msomaji: mwambie asome kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno.

Katika hatua ya mwisho, ujumbe wa WhatsApp unatosha. Mtoto aisome insha yake, arekodi, na mzazi aitume kwa bibi, shangazi au ndugu aliye mbali. Mtoto anayejua kwamba bibi atasikiliza huandika kwa uangalifu zaidi kuliko anayejua kwamba daftari litawekwa kabatini.

Mfano: insha ya kisima

Tuchukue mfano wa binti wa darasa la tano aliyepewa kazi ya kuandika kuhusu kisima cha kijiji. Rasimu yake ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Kisima chetu ni kizuri sana. Kisima chetu kina maji mengi. Watu wote wanakipenda kisima chetu. Kisima kina faida nyingi."

Hakuna kosa la tahajia hata moja, lakini sentensi hizo zingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kukiona kisima hicho. Sasa mama anawasha kinasa sauti na kumwuliza: "Hebu nisimulie asubuhi ya kisimani." Binti anaeleza kwamba mama huamka saa kumi alfajiri, kwamba anayechelewa hukuta foleni ndefu ya ndoo, na kwamba siku moja kamba ilikatika ndoo ikazama. Anasikiliza sauti yake, anachagua yaliyo muhimu na kuandika rasimu ya pili:

"Mama huamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Ukichelewa unakuta ndoo zimepangwa mpaka kwenye mwembe. Siku moja kamba ilikatika ndoo yetu ikazama. Mjomba aliiopoa kwa ndoano. Siku hiyo tulichelewa shule."

Binti hakufundishwa neno jipya hata moja. Maneno yote alikuwa nayo, na simu ilimsaidia kuyasikia. Katika kuhariri, ataweka mkato baada ya "ilikatika". Kisha sauti inatumwa kwa bibi, naye anajibu kwa kuuliza: "Mjomba alipoiopoa, watu wengine kwenye foleni walifanya nini?" Binti anarudi kwenye rasimu ya tatu akiwa na jambo la kuongeza. Tazama pia kwamba rasimu ya pili imeshaonyesha tatizo la huduma ya maji: foleni, muda wa mama, kuchelewa shule. Mtoto anayeweza kuandika hivyo leo, kesho ataandika barua ambayo ofisi itaielewa bila kumwita.

Kuhusu akili unde

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, programu za akili unde zimekuwa zikiandika insha nzima kwa sekunde chache, na kwa Kiswahili pia. Wazazi wengi wanauliza kama watoto wazitumie. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi au mlezi. Kwa mtoto wa shule ya msingi, basi, simu ishikwe na mtu mzima.

Mzazi anaweza kuiagiza programu hiyo imwulize mtoto maswali matano kuhusu kisima, kisha mtoto akayajibu kwa maneno yake. Anaweza pia kuiomba insha yenye makosa ili mtoto awe mhariri. Asiiombe iandike insha ya mtoto. Programu haijawahi kusimama kwenye foleni ya ndoo. Itarudisha "kisima kina faida nyingi" kwa maneno marefu zaidi. Kumbuka pia kwamba programu hizi huweza kutoa habari zisizo za kweli kwa lugha nzuri, hivyo kila inachodai kihakikiwe kitabuni au kwa mwalimu.

Usalama wa mtoto

Maandishi ya mtoto hubeba taarifa zake. Kabla ya kuweka kazi yoyote mahali panaposomwa na watu wengi, ondoa jina kamili, jina la shule, mahali anapoishi, namba ya simu na picha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Atumie akaunti ya mzazi, mbele ya mzazi, kwa muda uliopangwa. Ikitokea mtu asiyefahamika akaanza kumwandikia mtoto, au mtoto akakutana na jambo la kumtisha, hifadhi ujumbe huo kama ushahidi na upige simu ya huduma kwa mtoto namba 116, isiyo na malipo, au utoe taarifa kwa Ofisa Ustawi wa Jamii.

Gharama, na kaya zisizo na simu janja

Zana zilizotajwa hapa hazihitaji simu kwa kila mtoto. Simu moja ya mzazi, kwa nusu saa mara mbili kwa wiki, inatosha. Maandishi hutumia bando dogo sana kuliko video. Pakua hadithi kadhaa siku uliyo na mtandao mzuri, kisha zisomwe bila mtandao wiki nzima. Google Docs nayo huruhusu kuandika bila mtandao endapo nyaraka imeandaliwa mapema kwa matumizi hayo.

Kaya yenye kitochi tu, au isiyo na simu kabisa, haijaachwa nyuma. Kinachomfundisha mtoto ni hatua zenyewe, nazo zinafuatwa vema kwa kalamu. Tumia daftari lililo wazi: ukurasa wa kushoto uwe wa rasimu, wa kulia uwe wa marekebisho. Mtoto asifute rasimu. Apige mstari mmoja juu ya neno analoliacha ili lionekane. Msikilizaji awe kaka, jirani au babu. Kalamu inabaki muhimu hata kwa wenye simu, kwa kuwa darasani na katika mtihani mtoto huandika kwa mkono. Rasimu ya simu inakiliwe daftarini kwa hati safi.

Wajibu wa kila mmoja

Mzazi aanze na swali moja kila mtoto anaposema amemaliza insha: "Rasimu ya pili iko wapi?" Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kusoma rasimu tatu za kila mwanafunzi, lakini anaweza kuwaweka wawili wawili wasomeane na kuulizana, naye akasoma rasimu ya mwisho. Kamati ya shule inaweza kuliweka suala la hadithi za kuchapwa na vifaa vya kusomea katika ajenda ya kikao chake, kwa kuwa hadithi iliyopakuliwa mara moja na kuchapwa huweza kusomwa na darasa zima kwa miaka mingi.

Mzazi anayehitaji maelekezo aanzie kwa mwalimu wa darasa au Mwalimu Mkuu, kisha Ofisa Elimu Kata. Hakuna ada ya kuuliza. Unapokwenda, beba rasimu mbili za mwanao, ya kwanza na ya pili. Zikiwekwa pamoja mezani, zitamwonyesha mwalimu mahali ambapo mtoto anahitaji msaada.